Wimbo Niliowainulia Wazee

Wanangu wa zamu ya asubuhi, siku mliyonikatia keki ya kustaafu, Furaha aliniomba niandike yote ninayoyajua kuhusu kuinua wazee, kwa sababu mgongo wake ulikuwa unamuuma na mkanda wa kuinulia niliomwachia haukumweleza chochote. Sasa nimeketi jikoni kwa binti yangu, mtaa wa Kensington-Bailey, hapa Buffalo. Chai iko mezani, theluji iko nje mahali pake, na ninamshukuru Mungu kwamba magoti yangu bado yananitii, ingawa la kushoto hujadiliana kwanza. Vyeo sitavitaja kwa kuwa sikupata, na mishahara mnaijua. Nitaeleza habari za mkanda, za wimbo, na za bibi mmoja wa Norway aliyefanya nisimame mbele ya kanisa zima na kusema jambo nililokuwa nimelinyamazia tangu siku niliyomzika mume wangu.

Kazi hii sikuianzia Marekani. Niliianzia kambi ya wakimbizi, mkoa wa Kigoma, nikiwa msaidizi wa zahanati ya Warundi wenzangu. Kuinua mgonjwa kulikuwa jambo rahisi: watu wanne, blanketi moja, na mmoja wa kupiga kelele. Mume wangu Zakaria alikuwa fundi wa pampu, akimsaidia mzungu mmoja wa Norway aliyekuja kutuchimbia visima. Tulimwita Bwana Visima. Kila maji yalipotoka ardhini, Bwana Visima alikwenda kwenye gari lake, akaweka kaseti, wimbo uleule kila mara, akafumba macho na kuinua mikono juu.

Zakaria alinieleza nyumbani, "Mke wangu, yule mtu anamshukuru Mungu kwa maji."

Msitucheke. Wanorway wote tuliowahi kuwaona walikuwa wamisionari. Kule milimani kwetu Burundi walijenga kanisa, kisha hospitali, kisha kanisa lingine. Hatukuwa na habari kwamba huko kwao wapo Wanorway wasiohubiri.

Bwana Visima alipoondoka alimwachia Zakaria ile kaseti. Redio yetu ilitumia betri tulizokuwa tukizianika juani zipate nguvu ya jioni, kwa hiyo wimbo ulitoka taratibu, mzito, kama watu wanaopanda mlima wamebeba jeneza. Zakaria, aliyekuwa kiongozi wa kwaya, aliusikiliza akalia. Maneno ya Kinorway hatukuyaelewa, basi akaandika yake:

Nitafika, nitafika,
hata nikichechemea,
mlango haujafungwa,
Bwana bado angojea.

Ndani ya mwaka mmoja kambi nzima iliuimba. Watu walipomuuliza Zakaria sauti ya wimbo ameitoa wapi, alijibu, "Kwenye kaseti." Hawakupenda jibu hilo. Baadaye wakaanza kuambiana kwamba aliipokea akiwa amefunga siku tatu. Naye alikuwa mpole, hakupenda kubishana na watu wanaomsifu.

Mungu alitufungulia njia, tukafika Marekani, mji wa Louisville. Nyumba ya wazee niliyopata kazi ilinipa sare ya zambarau na mwalimu aliyeitwa Loreta, mama Mmarekani mweusi wa umri wangu, mwenye sauti ya kukoroma na mikono myepesi kuliko ya mkunga. Siku ya kwanza nilimwendea mzee mmoja, nikamshika kwapani, nikamnyanyua jinsi tulivyofanya zahanati. Mzee akapiga yowe.

"Dada," Loreta akasema, "huyo si gunia."

Akanifundisha mkanda, kwa vitendo zaidi ya maneno. Ninyi mnautumia kila siku, lakini mnaufunga vibaya, kwa hiyo nitarudia. Ni kitambaa kipana chenye kifungo cha chuma. Unauzungusha kiunoni juu ya nguo, kamwe si juu ya ngozi, na unaacha nafasi ya vidole viwili. Unaushika kutoka chini. Unainua mkanda, nao mkanda unamwinua mtu. Halafu akanipa sheria moja ambayo nimeifuata hadi keki yenu: mwambie mtu kabla ya kumgusa, na umwambie tena unapomgusa. Mzee anayejua kinachokuja hukusaidia, na asiyejua hukupiga.

Tabu ni kwamba sikuwa na Kiingereza cha kumwambia. Nilijua "good morning" na "thank you", na kati ya hayo mawili ndipo kazi yote ilipo. Basi nikaimba. Nilianza na wimbo wa Zakaria kwa kuwa ndio uliokuwa mdomoni. Mstari wa kwanza, nashusha miguu yake sakafuni. Wa pili, naegemeza kifua mbele, pua ivuke magoti. Wa tatu, tunasimama. Wa nne, tunageuka na kukaa kwenye kiti. Mwendo wake wa polepole uliwafaa wazee kana kwamba ulitungwa kwa ajili ya viuno vyao. Baada ya wiki mbili walikuwa wakisikia "nitafika" wanashusha miguu wenyewe. Mzee yule wa yowe akawa ananiimbia mstari wa pili, na bila shaka hadi anakufa alidhani ni Kiingereza cha kwetu.

Hapa nawaonya. Msiimbe wimbo wa kuinulia mahali pengine popote. Siku moja nilipita katika chumba cha kulia nikisukuma toroli la mashuka, nikajisahau, nikauimba hadi mstari wa tatu. Wazee watano wakasimama na supu zao. Loreta alinipa ndoo.

Kutoka Louisville tulihamia Columbus, kwa kuwa ndugu wa kanisa letu la Whitehall, kitongoji cha mji huo, walimtaka Zakaria aongoze kwaya. Mchana alifunga viatu kwenye maboksi katika ghala, jioni akafundisha sauti ya nne. Mimi nilipata nyumba nyingine ya wazee, yenye mashine za kuinulia zilizolia kama mbuzi. Sina mengi ya kusema juu ya mashine. Zinafanya kazi nzuri na hazimwambii mtu chochote.

Zakaria alifariki mwezi wa Januari, kwa moyo, bila kusumbua mtu, kama alivyoishi. Kwaya za Louisville, Columbus na Buffalo zilikuja kumzika na wimbo wake, taratibu sana, hata theluji ikafunika viatu vyetu kabla ya ubeti wa tatu. Pale kaburini Mchungaji akatangaza kwamba marehemu aliupokea wimbo huu kwa kufunga siku tatu mlimani. Wote wakasema amina. Mimi nilijua habari za kaseti, maana niliilaza mwenyewe ndani ya sanduku la nguo. Lakini sikuona ni vipi mjane atamsahihisha mchungaji huku shimo likiwa wazi. Nikasema amina pamoja nao, na amina hiyo nimeibeba tangu siku ile.

Ndipo nikaja Buffalo kwa binti yangu, nikaanza kazi pale mnaponijua ninyi, sasa nikiwa na Kiingereza cha kubishania, safari ya basi moja hadi upande wa Amherst. Furaha alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa, mtoto wa milima ya Kivu, mchapakazi, anayeshika simu kwa mkono mmoja na beseni kwa mwingine. Mwaka wangu wa mwisho wakaniletea Bibi Solveig.

Bibi Solveig alikuwa mjane wa profesa wa hesabu aliyekuwa akifundisha chuo kikuu kilichopo huko Amherst. Alivunjika nyonga, nyonga ikapona, lakini yeye akakataa kuinuka. Madaktari hawakuona ugonjwa wowote. Alisema, "Nimesimama miaka themanini na mitatu. Inatosha." Nesi mkuu alitupa hadi mwisho wa mwezi. Asiposimama, atapelekwa ghorofa ya tatu, kule kwa mashine. Mnajua kwamba ghorofa ya tatu hakuna anayeshuka kwa miguu yake.

Wiki hiyohiyo Mchungaji alinipigia simu kutoka Columbus. Kwaya za miji mitatu zingekutana Whitehall mwishoni mwa mwezi kumkumbuka Zakaria.

"Mama Debora, utasimama utushuhudie jinsi alivyoupokea ule wimbo. Zile siku tatu za kufunga. Shahidi umebaki wewe peke yako."

"Nitasimama, Mchungaji," nikasema. Nilifikiri nitazungumzia upole wake na kuziruka siku tatu kama mtu anavyoruka dimbwi.

Kesho yake nikamfunga mkanda Bibi Solveig alivyolala, nikamwambia namgusa, nikaanza kuimba. Mstari wa kwanza hakushusha mguu. Wa pili akafumbua jicho. Wa tatu akauliza, "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Bibi. Ni wimbo wa kukuinua."

"Imba tena."

Nikaimba tena. Akaanza kutetemeka mabega, nikadhani ni baridi, kumbe ni kicheko. Alicheka hadi nikamletea maji.

"Umeutoa wapi huu?"

"Ni wa mume wangu. Ni wimbo wa ibada."

"Debora, huu ni wimbo tulioshinda nao." Akaanza kupiga blanketi kwa kiganja, haraka haraka. "Mbona mnausukuma kama gari lililokwama kwenye matope?"

Akanieleza habari ambazo sikuwahi kuzisikia katika maisha yangu yote ya kanisani. Kule Ulaya nchi hushindana kwa nyimbo, kila mwaka, kwenye televisheni. Kila nchi inapeleka wimbo mmoja, kisha zote zinapeana pointi, na kumi na mbili ndizo nyingi kuliko zote.

"Sisi tulikuwa wa mwisho," akasema. "Mwaka baada ya mwaka. Ukoo mzima mmeketi, mmeoka keki, nchi zinaitwa moja moja, na mnapewa sifuri. Unajua kula keki ukiwa na sifuri?"

"Sijui, Bibi."

"Halafu mwaka huo tukashinda. Mume wangu, mtu ambaye hakuwahi kukimbilia hata basi, alikimbia barabarani na soksi. Nikamfuata. Tulicheza mbele ya nyumba ya mchungaji, naye akatoka, akacheza."

Nilimwambia kwa heshima kwamba lazima anachanganya nyimbo. Furaha, aliyekuwa akibadilisha foronya, tayari alikuwa ametoa simu.

"Bon, Mama, tuangalie."

Kwenye simu wakatokea vijana waliovaa nguo zinazometameta, nywele zimefumuka kama mafagio. Ulikuwa wimbo wetu, sauti kwa sauti. Pale ambapo kwaya yetu hunyamaza ili wafiwa walie, wao walikuwa wanaruka juu.

"Donc, Mama," Furaha akasema polepole, "hii wimbo iko ya disko."

Nikamwambia, "Zima."

Kisha nikamwambia, "Rudisha kidogo."

Siku zile sikulala vizuri. Bwana Visima hakuwa akimshukuru Mungu, au labda alikuwa akimshukuru kwa njia yao, lakini hakuwa akiimba zaburi. Betri zetu zilizochoka ndizo zilizotutungia huzuni. Na wimbo uliompeleka mume wangu kaburini ulikuwa wa watu kukimbia na soksi. Nikiyasema haya Whitehall, watu watamcheka Zakaria, mtu ambaye hakuwa na chochote duniani isipokuwa wimbo huo na jina zuri. Nisipoyasema, nitasimama madhabahuni nikiwa mtu mzima na kusimulia mlima ambao hakuupanda.

Kazini nilijaribu kumwinua Bibi Solveig bila wimbo. Alilegea kama shuka lililolowa.

"Siinuki bila wimbo," akasema, "na siinuki kwa ule wa mazishi."

"Mume wangu alizikwa nao, Bibi."

Alikuwa mtani, lakini moyo alikuwa nao. "Alikuwa mwongo, mume wako?"

"Hata kidogo. Kila aliyemuuliza alimwambia ni kaseti. Watu ndio walitaka mlima."

"Sasa mwongo ni nani?"

Nilikwenda stoo ya mashuka, nikapiga magoti kati ya taulo, yale yale magoti yanayojadiliana. Nilimwambia Mungu: kama ni dhambi kuuimba kwa mbio, deni liwe langu, viuno vya bibi huyu viache. Nilipoinuka nilijua tu mkono uanzie wapi kwenye mkanda. Mara nyingi katika kazi yetu hiyo inatosha.

Nikarudi chumbani, nikamfunga mkanda, vidole viwili, nikamwambia kabla ya kumgusa na nikamwambia nilipomgusa. Furaha akapiga meza ya dawa kwa mwendo wa Ulaya. Nikaimba maneno ya Zakaria kwa mbio za Wanorway. "Nitafika, nitafika", miguu ikashuka yenyewe. "Hata nikichechemea", pua ikavuka magoti. "Mlango haujafungwa", na Bibi Solveig akasimama, akiwa ameninyonga shingo, mwekundu kama nyanya. Mstari wa nne nilimgeuza akae kitini. Akakataa kukaa. Alitaka ubeti wa pili.

Nesi mkuu alisimama mlangoni na karatasi zake za ghorofa ya tatu, akatutazama, akazikunja na kuondoka nazo.

Jioni ile, kwenye basi la Bailey, nilijiuliza maneno ya Zakaria yameharibika wapi kwa kuimbwa haraka. Niliyapekua yote manne na sikuona. Mtu anayechechemea anaweza pia kuwa na furaha.

Mwisho wa mwezi tukasafiri na kwaya ya Buffalo hadi Whitehall. Kanisa linakutana katika jengo lililokuwa duka la matairi, na siku za joto bado linanukia hivyo. Mbele walikaa wazee wa kanisa, na katikati yao Mzee Filipo, sauti ya nne, mtu ambaye sijawahi kuona meno yake. Mchungaji akaniita. Nikasimama, nikashukuru, nikasema maneno mawili juu ya upole wa Zakaria, nikalifikia dimbwi. Nikaingia ndani.

Nikawaambia hakukuwa na mlima. Nikawaeleza kaseti, betri, Bwana Visima na mikono yake juu, na nchi zinazopeana pointi. Nikasema Zakaria hakumdanganya mtu, bali mimi ndiye niliyesema amina kaburini huku nikijua. Nikasema ni wimbo wa dansi, tena ulishinda. Kisha nikabaki nimesimama, nikisikia friji la jikoni la kanisa.

Mzee Filipo alikuwa wa kwanza kusema. "Debora. Huo wimbo nimeuandikisha kwa mazishi yangu. Karatasi iko kwa mwanangu. Sasa nifanyeje?"

"Sijui, Mzee."

Mchungaji alikuwa akitazama viatu vyake. Nilijua anawaza ule mlima, maana ndiye aliyeupandisha. "Mama Debora," akasema, "tumezika watu wangapi kwa wimbo huu, tangu kambini?"

"Wengi, Mchungaji."

"Yuko aliyerudi kulalamika?"

Kicheko kilianzia nyuma, kwa kina mama, kama kawaida. Mchungaji akakiacha kipite, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba habari ya siku tatu aliisikia kwa watu na akaitangaza bila kuuliza, na kwamba anamwomba Mungu msamaha, na mimi pia. Nami nikamwomba yeye. Ndipo mama mmoja wa kwaya ya Louisville, Mkongomani mwenye kilemba cha kijani, akainua mkono.

"Bon, Mama. Imba ile ya mbio, tusikie."

Nikamtazama Mchungaji. Akamtazama mpiga ngoma.

Sitaeleza yote. Nitasema tu kwamba ubeti wa kwanza niliuimba peke yangu, wa pili tuliuimba wote, na hakukuwa na wa tatu uliosikika kwa sababu ya vigelegele. Kanisa lote lilikuwa limesimama, isipokuwa Mzee Filipo, aliyefunga mikono kifuani kama mlango wa ghala. Lakini kazi yangu imenizoesha kutazama miguu kwanza. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukigonga sakafu, na ulikuwa haukosei.

Katika kitabu cha nyimbo, karani wa kwaya amerekebisha kwa kalamu: maneno ya Zakaria, sauti ya Norway. Kwa mazishi tutaendelea kuuimba taratibu, kwa harusi kwa mbio. Ninafikiri Zakaria angetikisa kichwa na kusema, "Nilikwambieni ni kaseti."

Jumatatu nilimkuta Bibi Solveig kitini, amevaa, uji uko mbele yake. Hakunipa hata nafasi ya kuvua koti.

"Walitupa pointi ngapi?"

"Louisville, kumi na mbili," nikasema. "Buffalo, kumi na mbili."

"Na Columbus?"

"Kumi. Kuna mzee mmoja hakusimama."

Akaweka kijiko chini. "Magoti yake ni mazima?"

"Ni mazima kabisa, Bibi."

Akanyoosha mkono kuelekea mkanda uliotundikwa nyuma ya mlango.

"Basi niletee huo," akasema, "na huyo mzee umlete hapa."